Uzio wa miti kando ya barabara unavyokinga mapafu dhidi ya vumbi

Ukipita Kihesa, Manispaa ya Iringa, mwezi wa Agosti au Septemba, utaona jambo ambalo wakazi wamelizoea mpaka hawalitazami tena. Majani ya michongoma, mipera na maua yaliyo kando ya njia yamepoteza rangi yake ya kijani na kuwa mekundu kwa vumbi. Mvua za kwanza zikinyesha, mwezi Novemba au Desemba, majani hayo hayo hurudi kuwa kijani kwa muda mfupi tu.

Wengi wetu tukiyaona majani hayo tunasema ni machafu. Lakini kwa upande wa afya, vumbi lililonasa kwenye jani ni vumbi ambalo halikufika kwenye pua ya mtoto anayecheza nyuma ya uzio huo. Swali la kujiuliza ni hili: mimea ya kando ya barabara inasaidia kwa kiasi gani, na je, tunaipanda na kuitunza kwa namna inayoleta faida hiyo?

Swali hili lina uzito kwa miji yetu ya Nyanda za Juu Kusini. Iringa ina miezi isiyopungua mitano ya kiangazi kila mwaka, kuanzia Mei au Juni, na ndiyo miezi ya upepo mkali. Kihesa inapitiwa na barabara kuu iendayo Dodoma, na kutoka kwenye lami hiyo zinachepuka njia nyingi za udongo zinazoingia mitaani. Daladala, bajaji, bodaboda na malori hutoa udongo kwenye njia hizo na kuumwaga juu ya lami, kisha kila gari linalopita huusaga na kuurusha hewani. Wakazi wa Mbeya nao wanalijua hili, hasa wale wa maeneo ya Mwanjelwa na Mafiati, ambako malori yaendayo Tunduma hupita usiku na mchana.

Vumbi linaingiaje mwilini?

Vumbi halifanani lote. Chembe kubwa, zile unazoziona kwenye mwanga wa jua dirishani, hunaswa na vinywele na kamasi za puani. Ndiyo maana ukipenga kamasi baada ya safari ya vumbi leso huwa nyekundu. Chembe hizi huwasha macho, hukausha koo na kuchochea mafua ya mzio.

Zinazowatia wasiwasi zaidi wataalamu wa afya ni chembe zenye upana wa maikromita 10 kushuka chini. Milimita moja ina maikromita 1,000, na unywele wa binadamu una upana wa kama maikromita 50 hadi 70. Chembe za ukubwa huu hupita puani na kuingia kwenye njia za hewa. Zile za maikromita 2.5 na pungufu hufika mpaka kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na baadhi huingia kwenye damu. Udongo wa barabarani hutoa zaidi chembe kubwa kubwa, wakati moshi wa dizeli hutoa zile ndogo sana. Tairi na breki zinazosagika hutoa za aina zote mbili. Mtu anayekaa kando ya barabara huvuta mchanganyiko wa vyote hivi.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linapendekeza kwamba wastani wa mwaka wa chembe ndogo za maikromita 2.5 usizidi maikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, na zile za maikromita 10 usizidi maikrogramu 15. Mwaka 2013, kitengo cha shirika hilo kinachotafiti saratani kiliiweka hewa chafu ya nje katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mbali na saratani ya mapafu, hewa yenye chembe nyingi huongeza hatari ya kubanwa na pumu, nimonia kwa watoto wadogo, ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, shambulio la moyo na kiharusi.

Mtoto yuko hatarini zaidi kuliko mtu mzima. Anapumua haraka, kimo chake ni kifupi hivyo pua yake iko karibu na vumbi linapotimka, na mapafu yake bado yanakua. Walio hatarini wengine ni mama lishe na wachoma mahindi ambao kazi yao iko barabarani kutwa nzima, madereva wa bodaboda, wazee, wajawazito, na yeyote mwenye pumu au ugonjwa wa moyo.

Jani linavyokamata vumbi

Jani halivuti vumbi kama sumaku. Kinachotokea ni hiki. Upepo uliobeba vumbi ukifika kwenye uzio wa miti, hewa hujipinda na kupita kati ya majani. Chembe nzito haziwezi kujipinda haraka namna hiyo, hivyo hulipiga jani na kubaki hapo. Chembe za wastani hupita karibu sana na jani, hulisugua na kunasa. Zile ndogo kabisa hutangatanga hewani bila mwelekeo maalumu mpaka zinapogusa jani. Na kwa kuwa uzio hupunguza kasi ya upepo, sehemu ya vumbi huishiwa nguvu na kuanguka chini, mbele na nyuma ya uzio.

Kutokana na hayo, mambo matatu huamua mmea upi ni hodari.

La kwanza ni umbo la jani. Majani membamba au madogo yaliyosongamana, kama ya misaiprasi, mivinje na misindano, hunasa chembe vizuri kuliko majani mapana na machache, kwa sababu hewa hulazimika kujipinda mara nyingi zaidi kuyapita.

La pili ni ngozi ya jani. Jani lenye vinyweleo, mikunjo, mishipa iliyotokeza au nta yenye kunata hushika vumbi na kulizuia lisipeperuke tena. Jani la mpera ni mfano tunaoufahamu: lipapase upande wa chini utahisi mishipa ilivyotokeza. Jani laini linaloning'inia, kama la mkaratusi, ambao wengine huuita mlingoti, huachia vumbi kirahisi upepo unapolitikisa.

La tatu ni kuwa na majani wakati unaotakiwa. Hapa ndipo mjakaranda, mti unaopendeza sana mitaani kwetu, unapotuangusha. Mjakaranda hupukutisha majani wakati wa ukame na kutoa maua ya zambarau kuanzia Septemba, yaani unabaki na matawi matupu katika wiki ambazo vumbi liko kileleni. Ni mti mzuri wa kivuli na wa kupendezesha mji, lakini usiutegemee kukinga vumbi la kiangazi.

Utafiti unaonyesha nini?

Watafiti wa Varanasi nchini India walichapisha mwaka 2008 matokeo ya kupima vumbi kwenye majani ya mimea ya kando ya barabara, ikiwamo miembe na mipera, ambayo sisi pia tunayo. Walikuta vumbi lililolundikana linatofautiana sana kati ya mmea mmoja na mwingine, na kwamba linakuwa dogo zaidi msimu wa mvua, maji yanapoyaosha majani. Waliona pia kuwa majani yaliyojaa vumbi hupungukiwa na ile rangi ya kijani ambayo mmea huitumia kujitengenezea chakula. Kwa maneno mengine, mmea unaotukinga nao unaumia.

Mjini Lancaster, Uingereza, watafiti waliweka safu ya miti michanga mbele ya nyumba zilizo kando ya barabara yenye magari mengi. Matokeo yao ya mwaka 2013 yalionyesha kuwa chembe ndani ya nyumba hizo zilipungua kwa zaidi ya nusu. Mwaka 2022, watafiti wa chuo kikuu cha mji huo walitoa matokeo ya kupanda uzio wa miti kati ya barabara na viwanja vya michezo vya shule za msingi za Manchester. Uzio wa miti ya jamii ya misaiprasi, wenye majani madogo yaliyosongamana, ndio uliofanya vizuri kuliko mingine: chembe za maikromita 2.5 uwanjani zilipungua kwa karibu nusu.

Kabla hujafurahi, kuna upande wa pili. Watafiti wa Marekani walipokadiria kazi ya miti katika hewa ya mji mzima, waliona kuwa kwa kawaida ubora wa hewa hupanda kwa chini ya asilimia moja. Je, tafiti hizi zinapingana? Hapana. Zinapima vitu viwili tofauti. Miti iliyotawanyika mjini haiwezi kuisafisha hewa yote inayopita juu yake. Lakini uzio uliosongamana, uliosimama katikati ya barabara na mlango wa darasa, humkinga yule aliye nyuma yake. Hivyo tukitaka faida ya kiafya, swali la mti umepandwa wapi na umepandwaje lina uzito kuliko idadi ya miti tuliyopanda.

Makosa yanayofanya uzio usifanye kazi

Kosa linaloonekana sana ni kukata matawi ya chini. Tunapenda mti wenye shina safi, tuone barabara, na chini pafagiwe. Lakini vumbi la barabarani hutimka kutoka chini, kwenye tairi. Mti ulioachwa na majani juu tu ni sawa na mlango uliokatwa nusu ya chini: vumbi linapita kwenye shina na kuingia ndani. Mwongozo uliotolewa na mamlaka ya mazingira ya Marekani mwaka 2016 unasisitiza kuwa uzio wa kukinga uchafu wa barabarani uwe na majani kuanzia ardhini hadi juu, usiwe na mapengo, na ikiwezekana ufike urefu wa mita 5. Wengi wetu hatuna nafasi ya uzio wa namna hiyo, lakini hata wenye urefu unaompita mtu kimo, mradi umesongamana, ni bora kuliko miti mirefu iliyo wazi chini. Pengo ni baya kwa sababu upepo hujikusanya na kupita hapo kwa nguvu.

Kosa la pili ni kung'oa uzio wa miti na kujenga ukuta wa tofali tukidhani tumemaliza tatizo. Ukuta husukuma hewa juu na kupunguza vumbi nyuma yake kwa kiasi, lakini haushiki chembe nyingi kama majani. Mwenye uwezo wa kujenga ukuta apande na mimea, ili hewa inayoruka ukuta ikutane na majani. Viwili hivyo pamoja hufanya kazi kuliko kimoja peke yake.

Kosa la tatu ni kuacha ardhi tupu chini ya uzio. Vumbi lililodondoka kutoka kwenye majani huondoka tena na upepo wa kesho. Ukoka au mimea mifupi inayotambaa hulishika lisiinuke. Tumelelewa kuamini kwamba uwanja safi ni ule uliofagiwa mpaka udongo ukang'aa, lakini uwanja huo ni kiwanda kidogo cha vumbi kila asubuhi. Kama ni lazima kufagia, nyunyiza maji kwanza.

Kuna tahadhari moja kwa miji yenye maghorofa yaliyobanana pande zote mbili za mtaa, kama Kariakoo jijini Dar es Salaam. Huko miti yenye vichwa vikubwa vinavyokutana juu ya barabara inaweza kufunika moshi wa magari ubaki chini walipo watu. Kwa mitaa ya nyumba za chini na iliyo wazi kama mingi ya Kihesa, hatari hiyo ni ndogo.

Nyoka, mbu na mzio

Wanaokata uzio wa miti huwa na sababu, na hazifai kupuuzwa. Wanasema unaficha nyoka, unaleta mbu na unawapa wezi mahali pa kujificha. Nyoka hupenda zaidi magugu, marundo ya mawe na takataka zenye panya, hivyo ondoa hivyo na upunguze uzio kwa mkasi kila mwaka bila kuuacha wazi chini. Mbu hujificha kwenye majani mchana, lakini mazalia yake ni maji yaliyotuama. Kagua makopo, tairi kuukuu na mifereji kabla ya kulaumu miti. Mahali pa kona na njia panda uzio uwe mfupi, ili madereva na wanaovuka waonane.

Wenye mzio wafahamu kuwa misaiprasi na mivinje hutoa chavua inayoweza kuwachokoza baadhi ya watu. Kama nyumbani kuna mgonjwa wa pumu, usipande misaiprasi chini ya dirisha la chumba chake, na chagua mchanganyiko wa mimea badala ya aina moja. Michongoma ina miiba mikali, hivyo haifai kuzunguka uwanja wa watoto wadogo. Lantana hushika vumbi vizuri kwa sababu ya majani yake makwaruzo, lakini usiipande: huenea ovyo na ni sumu kwa mifugo.

Uzio wa vumbi si bustani ya mboga

Hili ni la kuzingatia sana. Jani linalokamata vumbi linakamata pia masizi ya dizeli na chembe za vyuma vinavyosagika kwenye breki. Vilevile, udongo wa kando ya barabara za zamani unaweza kuwa bado na risasi, madini ya sumu yaliyokuwa yakichanganywa kwenye petroli mpaka nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilipoyaondoa kufikia mwanzoni mwa 2006. Risasi haiozi wala kuyeyuka. Hubaki kwenye udongo, na kwa mtoto hudhuru ubongo hata kwa kiwango kidogo.

Kwa hiyo usichume mchaichai, mlonge, matembele au mchicha ulioota ukingoni mwa barabara yenye magari mengi. Panda mboga nyuma ya uzio, mbali na barabara kadiri nafasi inavyoruhusu. Matunda kama mapera na chongoma yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka, si kupanguswa kwa kitenge. Na majani yaliyokatwa kwenye uzio wa barabarani usiwape mbuzi wala ng'ombe wa maziwa.

Ufanye nini?

Ukitaka kujua hali ya mahali unapoishi au unapofanyia biashara, fanya jaribio rahisi. Chukua kitambaa cheupe kilicholowa, pangusa majani kumi ya upande wa barabara, kisha kwa kitambaa kingine pangusa majani kumi ya mmea huo huo upande wa nyumba. Tofauti ya rangi itakuonyesha uzio wako unafanya kazi kiasi gani. Vitambaa vikilingana kwa uchafu, vumbi linapita: tafuta pengo liko wapi.

Panda mvua zinapoanza, Desemba au Januari, ili mizizi ishike kabla ya kiangazi. Panda safu mbili zilizopishana, si mche mmoja mmoja kwenye mstari. Linda miche dhidi ya mbuzi kwa mwaka wa kwanza. Kupunguza matawi kufanyike wakati wa mvua, si Julai, maana ukikata Julai unaondoa majani wakati unayahitaji. Kabla ya kupanda kwenye hifadhi ya barabara, waulize TANROADS kwa barabara kuu au TARURA kwa barabara za mitaa, usije ukang'olewa uzio uliokwisha kukomaa.

Katikati ya kiangazi majani huwa yamejaa. Kwa mama lishe au duka lenye mimea michache mbele yake, ndoo moja ya maji asubuhi mara moja au mbili kwa wiki, ikinyunyiziwa juu ya majani, huyaosha na kuyapa nafasi ya kunasa tena. Usiyakung'ute yakiwa makavu, utakuwa unavuta vumbi ulilokusudia kuliepuka.

Shule na zahanati zilizo kando ya barabara ndizo zipewe kipaumbele. Kamati ya shule ikiwa na miche mia moja, ni bora kuipanda yote kwa msongamano upande wa barabara kuliko kuitawanya uwanja mzima. Serikali za mitaa nazo zinaweza kushauriwa hivyo hivyo katika kampeni zao za upandaji miti.

Pamoja na yote haya, miti haiwezi kufanya kazi ya barabara nzuri. Kuweka lami au changarawe nzuri kwenye njia za mitaa, kupunguza mwendo wa magari, malori ya mchanga kufunikwa maturubai, wakandarasi kumwagia maji sehemu za ujenzi, na magari yanayotoa moshi mweusi kutengenezwa, ndiko kupunguza vumbi kutoka kwenye chanzo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za viwango vya hewa za mwaka 2007 zinampa mwananchi haki ya kudai hayo. Uzio ni ngao ya mabaki.

Mwisho, usichukulie kikohozi cha kiangazi kuwa ni vumbi tu. Ukikohoa kwa wiki mbili au zaidi, nenda kituo cha afya upimwe kifua kikuu. Mtoto anayepumua kwa sauti ya mluzi, mbavu zikiingia ndani anapovuta hewa, au midomo ikibadilika kuwa ya bluu, apelekwe hospitali mara moja. Mwenye pumu asitembee bila dawa yake ya kuvuta katika miezi hii, na akipita sehemu yenye vumbi jingi avae barakoa inayobana vizuri usoni, kwani leso na kitenge huzuia chembe kubwa tu.